Upasuaji wa sainasi kwa kamera: mambo ya kuzingatia kabla hujapanda kitandani

Sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa inayozunguka pua, na upasuaji wake wa siku hizi hauachi kovu usoni. Daktari wa masikio, pua na koo hupitisha puani kamera nyembamba, unene wake milimita 4 hivi, pamoja na vifaa vidogo, akapanua vitundu ambavyo sainasi humwagia ute wake. Kwa kuwa kidonda hakionekani, wengi huuchukulia kama jambo la kwenda asubuhi na kurudi jioni. Kurudi jioni kweli inawezekana. Lakini vitundu vikishapanuliwa, ule uvimbe uliovifanya vizibe bado unahitaji dawa, kwa hiyo maandalizi ni ya miezi inayofuata pia.

Kwanza, uwe umetibiwa ipasavyo bila kisu. Tatizo huitwa sugu pale pua kuziba, makamasi mazito, maumivu ya uso au kutosikia harufu vinapodumu wiki 12 au zaidi. Hata hapo, dawa ya steroidi (ya kupunguza uvimbe) ya kupuliza puani na kusafisha pua kwa maji ya chumvi hutangulia, tena kila siku kwa wiki kadhaa, si siku ile tu pua inapokuzidi. Ikiwa shavu la upande mmoja tu ndilo linalouma na kutoa usaha wenye harufu, omba meno yaangaliwe. Mizizi ya magego ya juu imepakana na sainasi ya shavu, na jino bovu likiachwa, tatizo hurudi hata baada ya upasuaji mzuri.

Usikubali kuingia chumba cha upasuaji bila picha ya CT, yaani picha ya kompyuta inayoonesha ndani ya kichwa tabaka kwa tabaka. Eksirei ya kawaida haitoshi. Kati ya sainasi na jicho kuna mfupa mwembamba kama karatasi, na juu ya paa la sainasi umelala ubongo. Kuumia jicho au kuvuja kwa maji ya ubongo ni nadra, lakini hutokea. Mwombe daktari akuoneshe kwenye picha yako atakapopita. Huko si kumkosea adabu, ni haki yako, na fomu ya ridhaa isainiwe baada ya majibu.

Taja kila unachomeza, dawa za miti shamba zikiwemo. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzidisha kutokwa na damu, na mara nyingi huagizwa ziachwe siku kadhaa kabla. Ila kama unatumia aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda kwa sababu ya moyo au kiharusi, usiiache kwa uamuzi wako. Madaktari wako waamue. Mwenye pumu ahakikishe imetulia. Kama aspirini iliwahi kukubana kifua, sema mapema, kwa sababu wenye hali hiyo nyama laini zinazoota puani mwao huwa na tabia ya kuota tena zikishatolewa. Sigara iachwe. Kwa kuwa kwa kawaida utapigwa nusu kaputi, fuata saa za kufunga kula na kunywa ulizopewa, bila kujionea huruma kwa kikombe cha chai ya maziwa.

Nyumbani ndiko watu wengi hawajiandai. Nunua mapema chupa ya kusafishia pua na pakiti za chumvi yake kutoka duka la dawa. Maji yawe yamechemka yakatokota walau dakika moja, kisha yakapoa. Ya bombani moja kwa moja hapana: kuna amiba, kijidudu cha majini, ambaye akiingia kwa njia ya pua huweza kuua, ingawa ni nadra. Tafuta wa kukupikia kama jiko lenu ni la mkaa au kuni, na wa kukubebea ndoo. Siku za mwanzo hutapenga kamasi, utapiga chafya mdomo ukiwa wazi, na utalala kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Tenga pia nauli ya kurudi kliniki kusafishwa ukoko na damu iliyoganda. Uliza kama bima inalipia na hayo.

Unaoishi nao waambie mapema: damu ikitoka bila kukoma, ukiona vitu viwili viwili, jicho likivimba, au maji maangavu yakichuruzika tundu moja la pua, wakurudishe hospitali usiku huohuo.