Vifaa vya usukani na akiba zake kwa mashua ya tanga isiyo na injini

Fyuzi iliyonizimia kila kitu haikuzidi ukucha wa kidole gumba. Ilikuwa mwezi wa tano, saa mbili usiku, tunatoka Mbudya kurudi Kunduchi. Maji makubwa ya bamvua yanapwa, mvua imeziba taa zote za pwani. Skrini ya ramani ikazima. Nikanyoosha mkono kwenye GPS ya akiba, ile niliyojisifia wiki nzima, nayo imezima. Redio kimya. Zote tatu nilizifunga kwenye waya mmoja na fyuzi moja, halafu mojawapo nikaiita akiba.

Mzee niliyekuwa naye, nahodha wa siku nyingi, hakunilaumu. Aliwasha tochi, akamulika dira, akasema, "Mwanangu, shika magharibi. Hayo mengine utayatengeneza kesho."

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea mashua nimfungie vifaa, namwambia hivi: akiba ni kitu kisichokufa kwa ugonjwa uleule uliomuua mwenzake. Kama vyote viwili vinakula betri moja, hiyo si akiba, ni pacha wake. Mashua isiyo na injini ina shida zaidi, maana hakuna mashine ya kukuchajia betri njiani. Umeme uliotoka nao nyumbani ndio huohuo utakaorudi nao.

Hatua ya 1: Andika maswali kabla ya kununua

Usianzie dukani. Chukua karatasi, andika mambo unayotaka kuyajua ukiwa usukanini. Kwa maji yetu ya Dar yanatosha matano: naelekea wapi, niko wapi, chini yangu kuna maji kiasi gani, upepo unatoka wapi, na nikipatwa na jambo nani atanisikia. Kila swali lipate kifaa kimoja kikuu na kimoja cha akiba. Kifaa kisichojibu swali lolote kati ya hayo ni pambo. Mteja mmoja aliwahi kuniletea skrini ya kuonyesha joto la maji. Nilimwuliza anakwenda kuoga?

Hatua ya 2: Anza na dira

Dira haihitaji umeme kabisa, kwa hiyo ndiyo inayochaguliwa kwanza, na kwa uangalifu kuliko vyote. Watu wengi hawajui kwamba dira hutengenezwa kwa kanda. Usumaku wa dunia hauvuti kwa usawa tu, unavuta na kwenda chini, na huku kwetu kusini ya ikweta unaivuta ncha ya kusini. Dira iliyosawazishwa kwa Ulaya ukiileta Dar, sahani yake, lile duara la digrii linalozunguka ndani, inainama upande wa kusini, na mashua ikilala kidogo sahani inakwaruza na kukwama. Ukinunua dira ya mtumba, iweke mezani, igeuze polepole mzunguko mzima. Sahani ikiinama au kusitasita, irudishe.

Ukishaipata, itafutie mahali pake. Spika, simu, redio na koleo zote zinaipotosha. Jaribio ni rahisi: tulia ufukweni mashua ikiwa haisogei, soma dira, kisha sogeza kila kifaa kimoja kimoja karibu nayo. Sahani ikicheza, kifaa hicho kihamie mbali. Kuna kijana alikuwa na spika ya muziki nyuma tu ya dira. Nilipoiondoa, sahani ilizunguka digrii 20 mbele ya macho yetu, na yeye alikuwa ameshaanza kuilaumu mikondo ya bahari.

Digrii chache unaweza kuziona si kitu. Piga hesabu: kosa la digrii 1 linakutoa njiani maili 1 kwa kila maili 60. Dar hadi Unguja mjini ni kama maili 40 za bahari. Ukikosea digrii 5, utatokea zaidi ya maili 3 kando ya ulikokusudia, na huko kando ndiko kwenye miamba. Tofauti ya kaskazini ya dira na kaskazini ya kweli huku kwetu ni ndogo, digrii chache tu upande wa magharibi, lakini iandike kwenye kibandiko karibu na dira.

Akiba ya dira ni dira nyingine ndogo ya mkononi, inayokaa mfukoni mwako. Na taa yake iwe tochi, isiwe balbu iliyoungwa kwenye betri kuu.

Hatua ya 3: GPS, kubwa au ya mkononi?

Mimi nachagua ya mkononi, inayotumia betri ndogo za kubadilisha. Skrini kubwa ya inchi saba ni nzuri, sikatai, lakini inakula kama amperi 1 muda wote inapowaka, na kwa mashua isiyo na injini hiyo ni kodi kubwa. Kama lazima uwe nayo, iwashe ukikaribia mwamba au mlango wa bandari, kisha izime. Simu yenye ramani zilizoshushwa kabla ndiyo ya tatu, ikae kwenye mfuko usioingiza maji, chaji imejaa, haiguswi kwa ajili ya picha.

Kuna mtego mmoja. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimechorwa kwa kipimo kiitwacho Arc 1960, na GPS yako inatoka kiwandani ikiwa kwenye WGS 84. Ukichukua namba za ramani ya zamani ukaziingiza bila kubadilisha, unaweza kukosea kama mita 300. Kwenye barabara ya Bagamoyo mita 300 ni kituo kinachofuata cha daladala. Kwenye mlango wa mwamba, ni mwamba wenyewe.

Hatua ya 4: Kina cha maji

Hapa ndipo bahari yetu inapowaumbua wageni. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kwa kukadiria, siku hizo hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi alasiri. Mahali ulipopita alasiri ukaona buluu tupu, kesho yake asubuhi unakuta kina mama wanaokota chaza. Kwa hiyo jedwali la maji kujaa na kupwa ni kifaa cha usukani kama vingine. Lichapishe, libandike ndani ya kifuniko cha sanduku.

Kipima kina cha umeme cha kilohertz 200 kinatosha. Kifunge, kipime kwa fimbo mara ya kwanza ujue kinahesabu kuanzia usawa wa maji au kuanzia chini ya mkuku, basi.

Akiba yake ni bildi, na sioni haya kusema naipenda kuliko skrini. Kamba ya pima kumi (pima moja ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa), risasi ya kilo moja na nusu au mbili mwishoni, fundo au kitambaa kila pima moja, kitambaa cha rangi tofauti kwenye pima ya tano. Chini ya risasi toboa kishimo, kijaze sabuni ya kipande. Ukiivuta, sabuni inakuja na habari: mchanga, tope, au mikwaruzo mitupu. Mikwaruzo maana yake mwamba, usitie nanga hapo.

Hatua ya 5: Upepo

Uzi. Nyuzi mbili nyepesi kwenye tanga na moja kwenye kamba ya mlingoti. Zile ndege zisizo na injini, glaida, pamoja na skrini zao zote za bei mbaya, bado zina uzi wa sufu uliobandikwa kwenye kioo mbele ya rubani, naye huuangalia safari nzima. Wala si ajabu. Neno rubani lenyewe lilikuwa la baharini kabla halijapanda angani.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya umeme

Chukua safari ya saa 10. Skrini amperi 1, jumla 10. Redio ikisikiliza tu, amperi 0.4, jumla 4. Ukizungumza kwa nguvu ya vati 25 inavuta kama amperi 5 au 6, weka 1 kwa dakika kumi za mazungumzo. Taa ya LED ya mlingoti saa 5, nyingine 1. Tayari amperi-saa 16. Betri ya asidi ya 20 haikutoshi, kwa sababu ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua. Ya kwako kweli ni 10 tu. Ama uchukue ya 40, ama lithiamu ya 20 ambayo unaweza kutumia sehemu kubwa ya ujazo wake, au ufanye ninavyofanya mimi: zima skrini.

Kila kifaa kiwe na fyuzi yake, na fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri. Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati. Kariakoo utauziwa waya wa bei poa unaong'aa kama shaba. Ukwaruze kwa kisu, ukiona ndani ni mweupe wa alumini, mwachie mwenyewe. Chumvi itaula kabla ya mwaka kwisha.

Hatua ya 7: Kusikika na kuonekana

Redio kubwa ya VHF, ile ya mawasiliano ya baharini, ina antena juu ya mlingoti, kwa hiyo inafika mbali. Akiba yake ni VHF ya mkononi isiyozama, yenye betri yake. Haifiki mbali kama kubwa, lakini chaneli 16, ya kuitia msaada, ni ileile. Isikae kwenye sanduku. Mashua ikipinduka, sanduku linakwenda na mashua, kwa hiyo redio ikae kiunoni mwako.

Ukivuka kwenda Unguja au Mafia, ongeza kile kifaa kidogo cha kuita msaada kwa setilaiti, cha megahertz 406. Kisajiliwe kwa jina lako, la sivyo wanaopokea mlio hawajui wanamtafuta nani. Na kwa kuwa mbao hazionekani vizuri kwenye rada, tundika kiakisi cha alumini juu kadiri unavyoweza. Meli zinazoingia bandarini hazikukwepi kama hazijui upo.

Hatua ya 8: Funika kwa kanga

Kabla hujavuka popote, chagua mchana wenye upepo mwanana, toka Msasani kwenda Bongoyo, na skrini zote zifunikwe kwa kanga. Mwenzako abaki na GPS mfukoni asikuambie kitu mpaka ukaribie kugonga. Wewe tumia dira, bildi, saa na macho.

Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza baada ya kufunga kila kitu upya, tulikuwa tunapinda kulia muda wote na sikuelewa kwa nini. Nilikagua redio, nikakagua waya. Mwishowe mzee aliinama chini ya ubao wa dira akatoa kisu changu cha kuparia samaki.