Taa za Nyuma za Gari la Zamani: Anza na Ethi

Ukikanyaga breki taa ikafifia badala ya kung'aa, au ukiwasha indiketa na taa ya breki nayo ikapepesa, usikimbilie kununua swichi. Dalili hizo karibu kila mara ni za ethi mbovu, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Umeme unatakiwa kurudi kwenye betri kupitia bodi. Ukizuiwa na kutu au rangi iliyokaa kati ya holda (kishikio cha balbu) na bati, hupenya kwenye balbu za jirani kutafuta ethi kwingine, na taa zinawaka ovyo.

Pima, usikisie. Weka mita kwenye volti za DC, washa taa na mtu akanyage breki. Ncha moja iguse chuma cha holda, nyingine ifike kwenye terminali hasi ya betri kwa waya mrefu. Ikisoma chini ya 0.2, ethi ni nzima. Ikifika 0.5, tatizo liko hapo. Angalia kwanza betri imefungwaje: magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana chanya kwenye bodi, kwa hiyo pima kwenye chanya.

Fungua holda, piga msasa mpaka bati jeupe lionekane, ndani ya holda pia, kisha paka grisi kidogo. Skrubu peke yake haiaminiki. Vuta waya wa ethi wa 1.5 mm² kutoka holda hadi kwenye boliti safi ya bodi.

Ethi ikiwa nzima na taa haiwaki, pima moto, yaani umeme unaofika, kwenye holda. Volti 12 zipo? Badilisha balbu au kaza springi. Hazipo? Rudi nyuma kwenye viungio vya ndani ya buti na pale waya unapojikunja kwenye bawaba. Shaba iliyogeuka kijani ikatwe yote. Taa za breki zikizima zote mbili, unganisha nyaya mbili za swichi ya breki: zikiwaka, swichi imekufa.

Fyuzi ikiungua, usiweke kubwa zaidi. Balbu mbili za wati 21 hula takriban ampia 3.5 tu, kwa hiyo kuna shoti. Kagua kila tundu la bati ambalo waya hupita bila mpira wa kuukinga.