Kumpa mkandarasi kazi ya kupekua wafanyakazi wenyeji wa kambi: anzia kwenye kipengele cha malipo

Haya, umeambiwa uandike tenda. Jeshi liko ugenini, kambi inahitaji wapishi, wakalimani, mafundi jenereta, madereva wa gari la maji taka, wote wanatoka vijiji vya jirani, na maafisa usalama waliopo hawaiwezi ile foleni ya getini, kwa hiyo wakubwa wamesema tafuteni kampuni ifanye upekuzi, yaani kumchunguza kila anayeomba kazi ni nani na anatoka wapi kabla hajaruhusiwa kambini. Wengi hapo wanakimbilia kuandika sifa za kampuni, ina uzoefu wa miaka mingapi, ina wafanyakazi wangapi. Mi nakwambia anza na malipo, upekuzi mwingi unafia hapo.

Angalia yaliyotokea Marekani. USIS ndo ilikuwa kampuni kubwa binafsi ya kuchunguza watu kwa niaba ya serikali, ndo hao hao waliopitia faili la Edward Snowden, yule aliyekuja kuvujisha siri za ujasusi wa Marekani. Mwaka 2014 Wizara ya Sheria ikaishtaki, ikidai kwamba kati ya 2008 na 2012 ilipeleka mafaili yasiyopungua 665,000 yakiwa yameandikwa yamekamilika wakati hayajapitiwa inavyotakiwa, lengo kukuza mapato. Kesi ikaisha 2015 kwa kampuni kukubali kuachia dola milioni 30 ilizokuwa inaidai serikali. Sasa na hayo ni ndani ya nchi yao wenyewe, kuna simu, kuna anwani za nyumba, kuna rekodi za mahakama. Fikiria mahali ambapo hakuna hata kimoja.

Kwa hiyo usilipe kwa kichwa, yaani kiasi fulani kwa kila mtu aliyechunguzwa, na zaidi ya yote usilipe kwa kichwa kilichopasi. Gharama za watu na ofisi zilipe kwa mwezi, kiasi kilichobaki kitoke baada ya afisa wako kuchukua sampuli ya mafaili, ayachague yeye mwenyewe sio kampuni, kisha amfuate yule mzee wa kijiji aliyetajwa kwenye faili na amuulize, ulihojiwa na nani, lini, ulisema nini. Mzee akisema hajawahi kuona mtu, hilo sio kosa dogo la makaratasi, weka adhabu yake kwenye mkataba kabla ya kusaini maana baadaye watakuletea hadithi za barabara mbovu.

Pili, amua unatoa kazi gani. Kukusanya taarifa, kuhoji, kuchukua alama za vidole, hayo mpe. Kusema huyu aingie huyu asiingie abaki nayo afisa wa jeshi, kwa jina na sahihi yake. Kampuni iandike ilichokiona na imekijuaje, basi.

Sasa mahojiano yenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Chukulia Afghanistan. Mtu anaweza kuwa na jina moja tu, siku ya kuzaliwa haijui, kwa hiyo kwenye fomu anaandikiwa 1 Januari, na ukipekua orodha unakuta nusu ya jikoni imezaliwa mwaka mpya, halafu jina lenyewe karani huyu kaliandika hivi na yule kaliandika vingine, kompyuta inawaona ni watu wawili, au mbaya zaidi watu wawili inawaona ni mmoja. Dai kwenye mkataba jina liandikwe kwa herufi za kwao, pamoja na jina la baba na la babu. Vidole navyo visikudanganye, fundi ujenzi na mwosha vyombo mara nyingi alama zao zimeshalika, kwa hiyo na picha za mboni za macho zichukuliwe.

Halafu kuna mkalimani wa mhojaji. Huyu naye ni mtu wa pale pale, ana ukoo, ana shamba lenye mgogoro, ana shemeji anayetafuta kazi hiyo hiyo. Neno lake moja linamfukuzisha mtu. Andika kwamba mkalimani asitoke eneo moja na anayehojiwa na kila jibu baya lithibitishwe na chanzo kingine. Aliyekataliwa apewe njia ya kukata rufaa kwa jeshi, asirudishwe kwa kampuni ile ile. Mashine ya kupima uongo mi nisingeitegemea kuamua, ripoti ya mwaka 2003 ya National Academies, taasisi ya wanasayansi ya Marekani, ilishasema usahihi wake hautoshi kwa kuchuja waajiriwa.

Na kupasi kusigeuke kuwa tiketi ya kutosachiwa getini. Tarehe 30 Desemba 2009 huko Khost, Afghanistan, mtu aliyeaminiwa kama mtoa habari aliingizwa kambini bila kusachiwa, akajilipua, watu saba wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, wakafa pamoja na wengine. Yeye hakuwa kibarua, ila imani ni ile ile. Tena mtu safi mwezi huu anaweza kutishiwa familia yake mwezi ujao, kwa hiyo upekuzi wa marudio uwe na bei yake kwenye mkataba, usiachwe kuwa ombi la hisani.

Mwisho data, ambayo watu huibandika ukurasa wa nyuma. Februari 2022 mtumishi wa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza alituma kimakosa faili lenye taarifa za Waafghani karibu 19,000 walioomba kuhamia Uingereza, na umma ukaja kujua Julai 2025. Kwa hiyo andika nani anafungua faili, kompyuta gani, ni marufuku kutuma kwa barua pepe ya kawaida, na siku mkataba ukiisha kampuni inakabidhi kila kitu na nakala zake zinafutwa mbele ya afisa wako, malipo ya mwisho yanasubiri hilo lifanyike.