Altrasaundi ya Mimba: Kujiandaa, Kupimwa na Kusoma Majibu

Mjamzito akielekezwa "chumba cha mionzi" kupiga altrasaundi, mara nyingi kinachomtisha ni hilo neno mionzi. Chumba kimepata jina hilo kwa sababu ya eksirei, ambayo huwa katika idara hiyohiyo. Altrasaundi yenyewe haitoi mionzi, inatumia sauti. Sikio la mtu huishia kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na kifaa kinachopitishwa tumboni hutoa sauti ya mitetemo milioni 2 hadi 5. Sauti hiyo ikigonga kitu ndani inarudi kama mwangwi, na mashine inauchora. Mfupa hurudisha mwangwi mwingi, kwa hiyo huonekana mweupe. Maji hayarudishi kitu, yanaonekana meusi. Ukishika hilo tu, picha nyingi hazitakuwa fumbo.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe walau mara moja kabla ya wiki 24. Wengi hufanya kinyume: wanangoja mwezi wa nane "kuangalia kama mtoto amekaa vizuri". Kipimo cha mwezi wa nane kina kazi yake, lakini hakiwezi kufanya kazi ya kile cha mwanzo, na sababu tutaiona kwenye tarehe. Zahanati nyingi hazina mashine hii, kwa hiyo ulizia mapema, siku ya kwanza ya kliniki, ni kituo gani cha afya au hospitali gani utaelekezwa.

Kujiandaa

Huhitaji kufunga kula. Wanaoambiwa wasile ni wale wanaopimwa ini na kibofu cha nyongo.

Mkojo ndio wenye maelezo. Mimba ikiwa chini ya wiki 12 hivi, kizazi bado kimejificha nyuma ya mfupa wa kinena. Kibofu kilichojaa hukiinua na kusukuma utumbo wenye hewa pembeni, nao mwangwi hupita vizuri kwenye mkojo. Kunywa maji nusu lita hadi robo tatu saa moja kabla, usiende chooni. Usizidishe lakini. Kibofu kilichojaa kupita kiasi hubana sehemu ya chini ya kizazi, na kondo la nyuma linaweza kuonekana limekaa karibu na mlango wa kizazi wakati liko mahali pake. Ukiambiwa ukajisaidie kidogo kisha urudi, ndiyo sababu. Mimba ikishakua, mkojo mwingi hauhitajiki isipokuwa umeagizwa.

Vaa blauzi na sketi au suruali. Dera au gauni refu litabidi lipandishwe lote hadi kifuani. Beba khanga ya kujifunika na kitambaa cha kufutia jeli, maana si kila mahali utavikuta. Kadi ya kliniki usiisahau, na ujue siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho: siku damu ilipoanza, si ilipokata.

Kitandani

Utalala chali, tumbo wazi kuanzia chini ya matiti hadi kwenye kinena. Jeli ni ya maji, huwa ya baridi, na haidhuru ngozi. Kazi yake ni kuondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, kwa sababu sauti hiyo haipiti kwenye hewa. Mtaalamu atakandamiza hapa na pale, wakati mwingine kwa nguvu kiasi. Usumbufu ni wa kawaida, maumivu si ya kawaida, sema.

Mimba ikishakuwa kubwa, kulala chali kunaweza kuleta kizunguzungu, jasho na kichefuchefu. Kizazi kizito kinakuwa kimelalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Usijikaze. Geukia ubavu wa kushoto, na kipimo kitaendelea ukiwa hivyohivyo.

Katika wiki za mwanzo unaweza kuombwa upimwe kupitia ukeni. Kifaa ni chembamba, huvishwa kondomu na kupakwa jeli, na hakifiki kwenye mimba, kwa hiyo hakiiharibu. Hapo kibofu kinatakiwa kiwe kitupu. Una haki ya kuelezwa kwanza, kukataa, na kuomba muuguzi wa kike awepo. Kama mpira huwa unakudhuru ngozi, sema kabla kondomu haijavishwa.

Mtaalamu akikaa kimya usianze kubuni msiba. Anapima, na vipimo vinataka umakini. Kazi nzima huchukua dakika 10 hadi 30, na huwa ndefu zaidi mtoto akiwa amegeuza mgongo. Hapo unaweza kuambiwa ukatembee kidogo, urudi.

Kinachoonekana, na lini

Kwa njia ya uke, mfuko wa mimba huonekana kuanzia wiki ya 5 hivi na mapigo ya moyo wiki ya 6. Kwa juu ya tumbo, ongeza kama wiki moja. Ndiyo maana mwenye wiki 5 anaweza kuambiwa "hakuna mtoto" na bado mimba ikawa nzima. Moyo usipoonekana kwa mtoto mwenye urefu wa chini ya milimita 7, hakuna anayepaswa kukuambia mimba imekufa kwa kipimo hicho kimoja. Rudia baada ya siku 7 hadi 14. Lakini ukiwa na maumivu makali ya tumbo upande mmoja, damu au kuzirai, usingoje hata siku moja, kwa kuwa mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi.

Kabla ya wiki 14 ndipo pia inapojulikana vyema kama mapacha wanatumia kondo moja au kila mmoja ana lake. Baadaye ni vigumu kutofautisha, na mapacha wa kondo moja wanahitaji kufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Wiki 18 hadi 22 ni za kukagua viungo: kichwa, uti wa mgongo, vyumba vinne vya moyo, tumbo, figo, mikono na miguu. Jinsia huonekana wakati huu pia. Kabla ya wiki 14 ni kubahatisha, na hata baadaye kamba ya kitovu ikipita katikati ya miguu imeshamgeuza msichana kuwa mvulana mara nyingi. Nguo za rangi zisubiri.

Tarehe: hapa ndipo watu hukosea

Chukua hedhi iliyoanza 10 Juni. Ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3: makisio ya kujifungua ni 17 Machi. Tarehe 19 Agosti mimba inatakiwa iwe na wiki 10 kamili. Altrasaundi ya siku hiyo inasoma wiki 8 na siku 4, pungufu ya siku 10. Katika umri huo tofauti ikizidi siku 7, tarehe ya altrasaundi ndiyo inayofuatwa, na makisio yanasogea hadi 27 Machi.

Sasa fika 27 Februari, wiki 36 kamili kwa hesabu mpya. Kipimo kingine kinasoma wiki 33 na siku 5. Nyumbani wanaanza kubishana ni tarehe ipi ya kweli. Ya kweli ni ile ya Agosti. Mwanzoni watoto wote hukua kwa mwendo karibu mmoja, na kosa la kipimo ni siku 5 hadi 7. Mwishoni kila mtoto ana umbo lake, na kosa hufika wiki 3 na zaidi. Kwa hiyo kipimo cha Februari hakibadilishi tarehe. Kinauliza swali jingine: mtoto huyu anakua ipasavyo? Hasa kama kichwa kinalingana na wiki zake ila tumbo ni dogo, kondo linaweza kuwa halimlishi vya kutosha. Anayesogeza tarehe mbele hapo analifuta swali lenyewe.

Karatasi ya majibu

GA ni umri wa mimba, na 33w5d husomwa wiki 33 siku 5. EDD ni makisio ya kujifungua. CRL ni urefu wa mtoto kuanzia utosini hadi matakoni, kipimo cha wiki za mwanzo. BPD na HC ni upana na mzingo wa kichwa, AC mzingo wa tumbo, FL urefu wa mfupa wa paja. FHR ni mapigo ya moyo, kawaida 110 hadi 160 kwa dakika mimba ikishakuwa kubwa. AFI ni maji ya uzazi. Kati ya sentimita 5 na 25 huhesabiwa ya kawaida. EFW ni uzito wa kukadiria, na unaweza kupishana na mizani kwa asilimia 10 hadi 15: kilo 3 za karatasi zinaweza kuwa 2.6 au 3.4.

Ukisoma kwamba kondo liko chini ukiwa na wiki 20, pumua. Kizazi kinapotanuka kuelekea juu, makondo mengi husogea nacho. Rudia kipimo kwenye wiki 32. Hadi hapo, damu yoyote ikitoka nenda hospitali moja kwa moja. Vilevile maji yakivuja au mtoto akipunguza kucheza: usisubiri siku ya miadi.

Majibu mazuri hayaondoi kliniki. Mashine haipimi wingi wa damu, presha, kaswende, VVU wala sukari, na baadhi ya matatizo ya moyo hupita bila kuonekana, hasa mafuta ya tumbo yakiwa mengi au maji yakiwa machache.

Picha ndogo ya kung'aa huchapwa kwa joto, kwa hiyo hufifia juani. Usiipeleke ikapigwe laminesheni, itatoka nyeusi tii. Ipige picha kwa simu siku hiyohiyo, na karatasi ya majibu ya kipimo cha kwanza ibane ndani ya kadi ya kliniki.