Namna ya Kupima Ubora na Upungufu wa Uwanja Mfupi wa Gofu ya Diski Kando ya Ziwa

Gofu ya diski huchezwa kwa kurusha diski ya plastiki kutoka mahali palipowekwa alama hadi iingie kwenye kikapu chenye minyororo, na mshindi ni yule anayemaliza mashimo yote kwa mirusho michache kuliko wenzake. Neno "shimo" limebaki kwa mazoea ya gofu ya kawaida tu, kwani hakuna kinachochimbwa. Uwanja ninaouita mfupi hapa ni ule wa mashimo tisa ambayo mengi yake yana urefu wa kati ya mita 35 na 70. Mwanza, ambako majabali yameshika vilima na ardhi tambarare hugombewa na nyumba, uwanja wa namna hii ndio ambao watu wa kawaida wanaweza kuupata, hivyo inafaa kujua jinsi ya kuupima kabla ya kutoa fedha na nguvu.

Anza kwa kuutembea bila diski mkononi. Simama kila mahali pa kurushia, tazama kikapu, kisha uandike kwenye daftari ni mrusho wa aina gani unaohitajika: wa kunyooka, wa kukunja kushoto, wa kukunja kulia, wa chini chini ya matawi au wa kupanda juu ya jabali. Ukimaliza, hesabu. Ikiwa mashimo saba kati ya tisa yanadai mrusho uleule wa kunyooka, basi uwanja huo ni shimo moja linalochezwa mara nyingi, na huo ndio upungufu mkubwa wa viwanja vifupi, mkubwa kuliko ufupi wenyewe. Watu wengi hulalamikia mita, ilhali shimo la mita 45 lenye jabali katikati huweza kumtesa mchezaji kuliko shimo la mita 100 lililo wazi kama uwanja wa mpira. Hapo ndipo mawe yetu yanapokuwa mtaji: kwingineko mbunifu wa uwanja hulazimika kupanda miti na kuisubiri ikue, lakini sisi vizuizi tumevikuta.

Hatua ya pili ni kuupima uwanja kwa upepo, na kazi hii haifanyiki kwa ziara moja. Pwani ya ziwa asubuhi huwa na utulivu, lakini jua linapopasha nchi kavu, upepo huanza kuvuma kutoka majini kuelekea nchi kavu na kuongezeka kadiri mchana unavyosonga, usiku hugeuka. Kumbuka jinsi diski inavyokwenda: mtu wa mkono wa kulia anayerusha kwa kuuvuta mkono kutoka upande wa pili wa kifua huizungusha kwa mwelekeo wa mishale ya saa, na diski hiyo, inapoishiwa mwendo, huinamia kushoto. Upepo wa mbele huielekeza kulia zaidi ya kawaida na kuiinua, na upepo wa nyuma huishusha mapema na kuipeleka kushoto. Kwa hiyo shimo la mita 50 linaloelekea ziwani, ambalo saa mbili asubuhi ni la watoto, saa tisa alasiri huwa jambo jingine kabisa. Uwanja mfupi ambao mashimo yake yote yamelala mwelekeo mmoja hupoteza faida hii ya bure. Ule unaozunguka, mengine yakielekea majini na mengine yakikata upepo ubavuni, hubadilika kila siku pasipo mtu kusogeza kitu.

Kipimo cha tatu, ambacho mimi hukiamini kuliko macho yangu, ni alama, yaani idadi ya mirusho ambayo mchezaji ametumia kumaliza shimo. Waalike watu wanne au watano wa viwango tofauti, wacheze uwanja mara tatu, nawe uandike alama za kila shimo pekee, usiandike jumla tu. Shimo ambalo kila mtu, mgeni na mzoefu, amepata tatu halijampima yeyote. Shimo ambalo limetoa mbili, tatu na nne ni zuri, mradi tofauti imetokana na ustadi. Ikiwa diski zilizorushwa vizuri zinagonga ukingo wa jawe na kurukia popote, hiyo ni bahati nasibu, na kikapu kisogezwe hata hatua tano tu. Katika kiwanja cha shule moja upande wa Ilemela, ambako tulijaribu mpangilio wetu wa kwanza, mashimo matano yalitoa tatu tupu kwa wachezaji wote. Tulidhani tunahitaji ardhi zaidi. Tulichohitaji kilikuwa kuhamisha sehemu mbili za kurushia nyuma ya mwembe na kuweka kikapu kimoja kwenye mteremko, ili anayekosa kwa nguvu nyingi aione diski yake ikibingirika.

Ubora wa uwanja mfupi ni rahisi kuuona. Mchezaji anayeanza anaweza kuucheza wote kwa diski moja, ile ya kutumbukizia, na hivyo kujifunza kuitawala kabla ya kununua diski za mbali ambazo mkono wake bado haujaweza kuzizungusha. Watoto wanaweza kutumia diski nyepesi za takribani gramu 150. Aidha, sehemu kubwa ya mirusho huangukia karibu na kikapu, ndani ya ule mduara wa mita 10 kutoka kwenye kikapu ambao humo kanuni humtaka mchezaji asimame imara baada ya kurusha bila kuvuka mahali diski yake ilipokuwa imetua, na mduara huo ndiko michezo mingi huamuliwa. Vikapu vya kununua ni ghali, lakini uwanja wa kwanza wa kudumu, uliofunguliwa Oak Grove, California, mwaka 1975, ulianza na nguzo kama shabaha kabla Ed Headrick hajabuni kikapu cha minyororo. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kikapu kwa nondo na minyororo. Mwambie ukingo wa juu wa kapu uwe kama sentimita 82 kutoka ardhini.

Upungufu unaofuata ni msongamano. Mashimo yakibanana, mrusho uliopotoka kutoka shimo la tatu huangukia vichwa vya wanaocheza la saba, na diski ngumu inaumiza. Pasiwe na mahali pa kurushia palipo kwenye mkondo wa shimo jingine, wala njia ya wapita njia. Ufukweni angalia pia waanikaji wa dagaa: eneo linaloonekana tupu jioni huenda likawa limetandazwa dagaa saa nne asubuhi, na huo ni mtaji wa mtu.

Kuhusu maji yenyewe, kuwa mwangalifu kwa sababu mbili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa, hivyo usimwage zege huko. Tumia vikapu vya kubebeka vinavyoondolewa jioni. Pili, diski nyingi huzama, na kuifuata majini ni kujitafutia kichocho, tusitaje mamba. Lihesabu ziwa lote kuwa nje ya uwanja: anayetumbukiza huongezewa mrusho mmoja wa adhabu, kisha huendelea karibu na pale diski ilipokuwa ndani ya mpaka kwa mara ya mwisho. Kwenye shimo lililo sambamba na ufukwe, liweke ziwa upande wa kulia ikiwa wengi ni wageni wa mkono wa kulia, maana kushoto ndiko diski zao nyingi zitaishia.

Ziara ya mwisho ifanye wakati wa masika, saa chache baada ya mvua kubwa. Uwanja mfupi hukanyagwa sana mahali palepale, na kwenye miteremko yetu maji hufuata nyayo. Ukiona mfereji mwembamba umeanza mbele ya mahali pa kurushia, pahamishe wiki hiyohiyo na uache nyasi zirudi.