Shotgani mpya ya pampu kwa ajili ya trapu: kununua, kuirekebisha, kuipiga

Trapu ni mchezo wa kuvunja kwa shotgani sahani zinazorushwa hewani. Katika trapu ya Kimarekani, ile inayofuata kanuni za ATA (chama cha wapiga trapu cha huko), unasimama yadi 16 (mita 14.6) nyuma ya kibanda cha mtambo, unapaza sauti, na sahani ya udongo yenye upana wa milimita 108 inachomoka kukukimbia kwa mwendo wa kilomita 68 hivi kwa saa. Hujui itakwenda kushoto, kulia au moja kwa moja. Raundi moja ni sahani 25: vituo vitano, sahani tano kila kituo, na kila sahani unapewa risasi moja tu. Hiyo risasi moja ndiyo inayoipa nafasi shotgani ya pampu, ile unayoipakia kwa kuvuta na kusukuma mshiko wa mbele, kwa sababu hakuna anayekudai kasi ya kuvuta na kusukuma. Bunduki za mitutu miwili zinazobebwa na wenzako zinauzwa mara kadhaa ya bei ya pampu, lakini sahani haijui bei. Inachojua ni kama marisau, yaani punje zinazotoka kwenye risasi, yamekwenda ulikotazama, na hilo linategemea zaidi kitako cha bunduki na shavu lako kuliko jina lililochorwa ubavuni.

Dukani

Chukua geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ndogo ni mtutu mpana). Geji 20 inavunja sahani vizuri tu, ila ina marisau machache, na anayeanza anahitaji kila punje. Mtutu uwe wa inchi 28 au 30 (sentimita 71 au 76), wenye reli (ukanda bapa wa chuma) juu yake na shanga (kitufe kidogo cha kulengea) mbele. Usishawishiwe na zile fupi za ulinzi wa nyumba, za inchi 18 au 20: ni nyepesi mbele, zinaanza haraka na kusimama haraka, na nyingi zina choki (kibano cha mdomo wa mtutu kinachokusanya marisau) isiyobadilika, tena iliyo wazi mno. Hakikisha choki zinafunguka na kubadilishwa, na kwamba ndani ya boksi ipo walau modifaidi, choki ya kubana kiasi. Fuli, inayobana zaidi, unaweza kuinunua baadaye. Chemba (pale risasi inapokaa) ya inchi 3 haina shida, itapiga risasi za kawaida za inchi 2¾ (milimita 70), nazo ndizo utakazotumia siku zote.

Remington 870 na Mossberg 500 ndizo utakazozikuta karibu kila duka la Marekani, na vipuri vyake havipotei. Tofauti utakayoihisi haraka ni sefti, yaani kizuizi cha usalama: ya 870 ni kitufe kinachopita nyuma ya triga, ya Mossberg iko juu, chini ya kidole gumba. Anayetumia mkono wa kushoto aitazame pia Browning BPS au Ithaca 37. Hizo hutupa maganda chini badala ya pembeni, hivyo hakuna ganda linalopita mbele ya uso wake, wala linalomgonga jirani. Jirani huyo tutamrudia.

Kuhusu karatasi: muuzaji mwenye leseni atakupa Fomu 4473 uijaze, kisha taarifa zako zitakaguliwa kupitia mfumo wa FBI. Sheria ya shirikisho inaruhusu bunduki ndefu kuuzwa kwa mtu aliyetimiza miaka 18, lakini baadhi ya majimbo yanataka 21, na mengine yana kadi zake za kumiliki bunduki, kama FOID ya Illinois. Ndugu zetu walio ughaibuni wasome hapa kwa makini. Mwenye green card anaruhusiwa kununua, lakini aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi akiwemo, kwa kawaida hakatazwi kununua tu. Anakatazwa hata kuwa na bunduki au risasi mikononi, isipokuwa awe ndani ya moja ya misamaha iliyotajwa, kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Usikubali kuazimwa bunduki uwanjani kabla ya kulijua hilo.

Ukiwa bado dukani, omba ruhusa uiweke begani ikiwa tupu. Fumba macho, inua, bana shavu kwenye kitako kama unavyojisikia, kisha fumbua. Ukiona mgongo wa bunduki tu na shanga imezama, uso wako uko chini mno. Ukiona reli yote kama barabara inayopanda mlima, uko juu mno. Unachotaka ni reli kidogo na shanga ikiwa imekaa juu yake. Urefu wa kitako nao unaonekana papo hapo: kati ya pua yako na kidole gumba kilichoshika bunduki pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Ikibaki pungufu, kidole kitakupiga pua.

Kabla ya risasi ya kwanza

Mafuta unayoyakuta kwenye bunduki mpya ni ya kuzuia kutu ghalani, si ya kufanyia kazi. Fungua mtambo wa bunduki, tazama chemba, ingiza kidole ndani, kisha tazama chini kwenye magazini, bomba la kuhifadhia risasi. Ukishahakikisha hakuna risasi, rudisha mshiko wa mbele hadi katikati, fungua kofia ya magazini, na uvute mtutu mbele. Pitisha kitambaa chenye dawa ya kusafishia hadi kitoke cheupe. Pangusa komeo (chuma kinachofunga chemba) na vyuma viwili vinavyoliunganisha na mshiko, kisha paka mafuta membamba. Tone moja kila upande linatosha, maana mafuta mengi hukamata masizi ya baruti na kugeuka uji mweusi.

Chemba ndiyo ya kuitolea jasho. Kwenye pampu za bei nafuu mara nyingi hubaki na mikwaruzo ya mashine, na risasi za bei nafuu zina kitako cha chuma badala ya shaba. Chuma kikishatanuka hakirudi nyuma vizuri, kinang'ang'ania kwenye mikwaruzo, na baada ya raundi ya kwanza unajikuta unagonga mshiko kwa goti. Zungushia brashi nyuzi laini za chuma zenye namba 0000, tia mafuta, na uzungushe ndani ya chemba tu kwa dakika moja au mbili, kisha usafishe mabaki yote. Huondoi chuma, unalainisha tu.

Paka grisi kidogo kwenye nyuzi za kufungia choki na uikaze kwa ufunguo wake. Choki iliyolegea hupitisha moto pembeni, ikaharibu nyuzi na hata mdomo wa mtutu.

Karatasi kwanza, sahani baadaye

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndiyo maana wengi wanakaa kwenye 14 kwa 25 mwaka mzima. Shotgani haina kilengeo cha nyuma; kilengeo hicho ni jicho lako. Shavu likipanda milimita tatu, jicho limepanda milimita tatu, na kwa kuwa kutoka jichoni hadi shanga ni kama mita moja, marisau yatapanda sentimita 11 hivi kwenye yadi 40.

Sahani ya trapu inapanda inapokwenda. Bunduki ya uwindaji, na pampu nyingi dukani ni za uwindaji, hupiga nusu juu na nusu chini ya shanga. Ukiitumia hivyo hivyo, inabidi uifunike sahani kwa mtutu ndipo uvute, yaani upige kitu usichokiona. Kwa trapu ni afadhali sehemu sita au saba kati ya kumi za marisau ziwe juu ya alama, ili sahani ionekane imeelea juu ya shanga wakati unavuta.

Tundika karatasi ya mita moja na robo kila upande, yenye doa katikati, kwenye yadi 35. Inua bunduki kama unapiga sahani na vuta bila kubembeleza. Rudia kwa karatasi tano, kwani moja inadanganya. Kwenye kila karatasi tafuta mahali marisau yalipojazana, chora duara la sentimita 76, kisha tazama doa liko wapi. Likiwa katikati kabisa, bandika sponji ya milimita tatu juu ya kitako, pale shavu linapokaa, upige tena. Zinauzwa zenye gundi, na kipande cha mpira wa mkeka chini ya utepe kinafanya kazi ileile. Marisau yakienda kushoto au kulia karatasi zote tano, kabla ya kulaumu mtutu angalia kama shavu linaegemea sana au jicho linalotawala ni lile jingine. Nyosha mikono, tengeneza tundu dogo kwa viganja, tazama kitu cha mbali kwa macho yote mawili, kisha fumba moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo linalotawala. Likiwa kinyume na bega lako, bandika utepe mdogo kwenye kioo cha miwani cha jicho hilo.

Choki pia unaipima kwa karatasi. Rudi hadi yadi 40. Fuli inatarajiwa kuingiza kama asilimia 70 ya marisau ndani ya duara hilo, modifaidi 60. Aunsi moja ya punje za namba 8 (namba ikipanda, punje ni ndogo) ina punje 410 hivi, ya namba 7½ ina 350. Kwa yadi 16 modifaidi inatosha, kwa sababu sahani utaivunjia kwenye yadi 30 na kitu. Fuli ni ya siku utakaposogezwa nyuma ya yadi 16.

Risasi zenyewe: kanuni za ATA hazikubali punje kubwa kuliko 7½ wala mzigo unaozidi aunsi moja na moja ya nane. Anza na aunsi moja (gramu 28) zenye mwendo wa futi 1,180 hivi kwa sekunde. Pampu ina kilo tatu na ushei, haina chemchemi ya kupunguza teke, na risasi za nguvu zitakufundisha kufumba macho kabla ya kuvuta. Anayeanza apige 50 kwa siku, si 100.

Kwenye mstari

Miwani na vizibo vya masikio huvaliwa kabla hujakaribia. Mtambo wa bunduki uwe wazi muda wote hadi ufike kituoni. Raundi nzima ya risasi 25 ikae kwenye mfuko mmoja, na usichanganye kamwe na za geji 20. Risasi ya geji 20 ikidondoshwa kwenye mtutu wa 12 inapita chemba na kukwama mbele. Ukiingiza ya 12 nyuma yake na kuvuta, mtutu unapasuka karibu na mkono wako. Ndiyo sababu za geji 20 hutengenezwa za njano.

Usitumie magazini. Weka risasi moja moja kwa juu, kupitia dirisha la kutolea maganda, na usifunge hadi aliye kabla yako awe amepiga. Ukifunga, sukuma mshiko kwa nguvu hadi mwisho. Ukiusukuma kwa upole komeo halikamati, unavuta triga, na kimya. Ikitokea lazima uitoe risasi bila kupiga, mshiko hautarudi kwa kuuvuta tu. Bonyeza kitufe cha kufungulia, kilichopo karibu na kilinzi cha triga, mdomo ukiwa bado umeelekea uwanjani. Wageni wengi huinamisha bunduki pembeni wakikitafuta, na hapo kikosi kizima hupiga hatua nyuma.

Kituo cha 1 elekeza mtutu kwenye kona ya kushoto ya kibanda, cha 3 katikati, cha 5 kona ya kulia, na cha 2 na cha 4 katikati ya hapo. Macho yatangulie, yatazame mbele ya kibanda bila kutazama shanga. Anayetumia mkono wa kulia asimame kituo cha 5 akiwa ameugeuza mguu wa mbele kulia zaidi, la sivyo sahani inayokimbilia kulia itamkuta kiuno kimekwisha kuzunguka na mtutu umesimama. Mtutu ukisimama, umepiga nyuma ya sahani: marisau yanachukua zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya sekunde kufika, na sahani haikungoji.

Ukikosa, mara nyingi kosa ni shavu kuondoka kwenye kitako ili "uone ilivyovunjika". Jicho limepanda, marisau yamepita juu. Ukichelewa, sahani imeanza kushuka na unapiga juu pia. Ukishuku unashtuka, mwambie mwenzako akuwekee risasi, mara ya kweli, mara bandia ya mazoezi, bila wewe kuona. Ikija ya bandia, mtutu utajinamia wenyewe mbele ya watu wote.

Sasa yule jirani. Pampu nyingi hurusha ganda kulia, moja kwa moja kwenye shingo ya aliye kituo kinachofuata. Baada ya kupiga, geuza kiganja juu ya dirisha na vuta mshiko taratibu, ganda litakuangukia mkononi. Kipo pia kidude cha kudaka maganda kinachobandikwa ubavuni. Katika raundi za sahani mbili kwa pamoja hutakuwa na nafasi ya upole huo, na kosa kubwa pale ni kuvuta nusu njia: ganda linabaki mdomoni mwa dirisha na risasi ya pili inaligonga. Vuta hadi mshiko ugote.

Risasi ikitoa mlio mdogo, kama kikohozi, simama. Usiweke nyingine. Fungua, ondoa ganda, na utazame kupitia mtutu kama kizibo cha plastiki kimekwama. Isipolipuka kabisa, bakia umeelekea uwanjani sekunde 30 kabla ya kufungua. Na kila baada ya raundi, bunduki ikiwa wazi na tupu, gusa choki kwa vidole uone kama imelegea, kisha nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika sambusa, kwani punje hizo ni za madini ya risasi, na ni sumu.