Kuchonga dinosaria wa saruji wa kupandwa na watoto

Kinywa cha kwanza nilichochonga kilikuwa na meno mazuri mno. Siku ya majaribio mtoto alitanguliza miguu katikati ya meno mawili. Mwili ukapita, kichwa kikagoma. Ilibidi nivunje jino kumtoa. Siku hizi nashika futi kamba kabla ya penseli.

Hatua ya 1: Vipimo. Tundu lolote lililozungukwa pande zote, liwe kati ya mbavu au meno, lisiangukie kati ya milimita 89 na 230. Ama mwili usipite kabisa, ama kichwa nacho kipite bila shida. Kuzunguka sanamu acha mita 1.8 pasipo kitu, umwage vipande vidogo vya mbao kina cha sentimita 30, mtoto akianguka aangukie palaini.

Hatua ya 2: Mnyama. Mimi huchagua Diplodocus, dinosaria mwenye shingo na mkia mrefu. Wataalamu wa visukuku wanasema alitembea mkia ukiwa hewani. Nami naulaza chini makusudi, watoto wapate pa kupandia. Ukimtaka Triceratops, yule wa pembe tatu, pembe ziwe butu kama ngumi.

Hatua ya 3: Mifupa. Nondo za milimita 12 zizame kwenye msingi wa zege, za milimita 8 zikunjwe kufuata tumbo. Vika waya wa kuku tabaka mbili, ncha zote zikielekea ndani. Panda mwenyewe, urukeruke. Ikitikisika, ongeza nondo.

Hatua ya 4: Ngozi. Tabaka la kwanza ni saruji moja kwa mchanga tatu. Likandamize liingie kwenye waya, kisha likwaruze likiwa bado bichi. Kesho yake piga la pili, halafu usubiri, na hapa ndipo wengi huharakisha. Bonyeza kwa kidole gumba: kikiacha alama na kutoka kisafi, wakati umefika. Finyanga mfuko wa plastiki, uubandike, uupigepige kwa kiganja. Ukiubandua utakuta mikunjo kama ya goti la tembo. Magamba nayachora kwa kijiko, makunyanzi ya shingo kwa ncha ya mwiko. Mgongo uache laini, la sivyo utakuwa msasa kwa mapaja ya watoto.

Hatua ya 5: Funika kwa magunia, umwagilie siku 7. Kila palipobonyea toboa tundu la kutolea maji. Yakituama kinywani, mbu watahamia. Rangi isubiri kama mwezi, na iwe nyepesi: mgongo mweusi saa saba mchana haukaliki.